Wanawake Waliokufa kwa Jicho

Jongeeni, jongeeni. Mwenye mtoto mchanga amtie ziwa anyamaze, na mwenye haya azivue azitundike pale mlangoni, maana leo nnazungumza habari ya maziwa ya wanawake na sina nia ya kuzungukazunguka. Wanaume msiinuke. Nyinyi ndio hasa nnaowataka, na mkinisikiliza mpaka mwisho mtajua kwa nini.

Mie ni Mwanakheir wa Mikunguni, huko Ng'ambo. Wengi huniita Somo, kwa sababu kazi yangu ni kuwatengeneza maharusi: nawasinga kwa liwa na mawaridi mpaka ngozi ilainike, nawatia hina, nawafunda mambo ya ndoa. Niliyemfunda mimi hubaki mwari wangu hata akiwa na wajukuu. Miili ya wanawake wa mji huu naijua kuliko waume zao wanavyoijua. Msicheke, nnasema kweli.

Ilikuwa mwaka wa elfu mbili na nane, ule mwaka umeme ulipotukatikia Unguja nzima, friji zikawa makabati na mafeni yakawa mapambo. Alasiri moja ya mwezi wa tano nilikuwa Kiponda, nyumbani kwa Bwana Jamil, tumekaa uani kwenye mkeka tunachambua mawaridi ya singo. Alikuwapo mkewe, Bi Basma, na binti zao wawili. Mdogo, Nunu, alikuwa ameposwa na kijana mmoja wa Malindi anayeitwa Majid, na harusi imewekwa Mfungo Mosi, Ramadhani ikishapita. Mkubwa, Asila, aliwahi kuolewa, mume akaenda Maskati kutafuta maisha, na maisha alipoyapata akamletea talaka kwa simu. Basi alirudi kwao, akawa anashona kofia za kiua dirishani. Arubaini alikuwa hajaifika.

"Ewe Nunu," nikamtania, "hayo mawaridi unayachambua au unayasimulia?"

"Somo bwana! Hebu mwache mtu."

"Huyo tangu aposwe hana akili," akasema Bi Basma. "Jana katia chumvi mara mbili, mchuzi wote tumeumwaga."

Tukacheka sana, na Asila akacheka mpaka machozi yakamtoka. Nyumba ilikuwa na amani siku ile, ilinukia waridi, na nje mwuza kahawa alikuwa akigonga vikombe vyake. Asila akainuka kuchukua sinia juu ya rafu. Mkono wa kushoto ulipofika usawa wa bega akausimamisha, akakunja uso, akaushusha taratibu, akachukua sinia kwa wa kulia. Wenzake hawakuona. Mie niliona.

Alipoingia stoo nilimfuata, nikafunga mlango.

"Una nini kwapani, mwari wangu?"

"Sina kitu, Somo."

"Asila, nimekusinga mimi, leo utanificha mimi? Fungua kanga."

Akafungua. Lahaula! Ziwa la kushoto lilikuwa na uvimbe mkubwa kama kungumanga, mgumu, hauchezi ukiubonyeza. Ngozi juu yake imevutwa ndani, ina vishimo vishimo kama ganda la chungwa. Na kwapani kulikuwa na kivimbe kingine kidogo.

"Tangu lini hivi?"

"Kabla ya Maulidi. Lakini hauumi, Somo. Ungekuwa unauma ningesema."

Jamani, wanawake wenzangu, hilo ndilo linalotuua. Tunangoja uchungu utupe ruhusa ya kwenda hospitali. Uvimbe usiouma ndio wa kuukimbilia haraka, na sisi ndio tunaoutandikia mto ulale.

Nikamwambia, "Kesho asubuhi nakuja kukuchukua, tunakwenda hospitali."

Akanishika mikono yote miwili. "Somo, nakuomba. Nunu kwanza aolewe. Watu wa Majid wameshauliza kama ukoo wetu una maradhi, na Baba kawaapia kuwa hakuna. Nikionekana mie hospitali na ziwa hili, mtoto wa watu ataharibikiwa. Mie nshaolewa nshaachika, yeye bado hajaanza."

"Na kweli hakuna maradhi ukooni?"

"Hakuna. Ni shangazi zangu tu, Shangazi Zeyana na Shangazi Thuwaiba, lakini wale walikufa kwa jicho."

Bi Zeyana, dada yake Bwana Jamil, nilimwona kwa macho yangu kabla hajafa, mwaka wa themanini na saba, nilipokuwa namsaidia kazi marehemu mama yangu. Chumba kimefukizwa udi mpaka huoni ukuta, na chini ya ule udi ilikuwapo harufu nyingine. Kifua kimefungwa vitambaa. Watu waliambiwa jicho, eti alivaa dhahabu nyingi harusini kwa watu na wenye kijicho wakamtazama. Bi Thuwaiba alipokufa miaka michache baadaye, ikawa jicho tena. Jicho gani hilo linalochagua ukoo mmoja, na wanawake watupu, na kila mara likapiga kifuani?

Nikapanda juu kwa Bwana Jamil. Alikuwa kwenye kiti chake barazani ghorofa ya pili, anasoma. Mtu mstaarabu, mpole wa maneno, mwenye kujivunia nyumba yake. Alipenda kuwaambia wageni kwamba binti zake hawalijui jua, na ilikuwa kweli. Jua la Kiponda hupita juu ya mapaa, vichochoroni halifiki, na wanawake wa nyumba ile walikuwa hawatoki ila kwa dharura, na wakitoka wamejifunika kila mahali. Weupe wao ulisifiwa mpaka Mkunazini.

"Shikamoo Bwana Jamil."

"Marahaba Bi Mwanakheir. Singo inakwendaje?"

"Singo haina neno. Asila anaumwa ziwa, na mimi nnadhani ni yale yale yaliyowaua dada zako."

Aliweka kitabu chini. Hakupiga kelele, angepiga kelele ningemjibu.

"Dada zangu walipatwa na jicho," akasema. "Na hata kama ingekuwa unavyodhani wewe, maradhi ya ziwa ni ya kike, mtoto huyapata kwa mama yake. Ukoo wa Basma hawana. Mimi ni mwanamume, Bi Mwanakheir. Nina ziwa mimi?"

"Huna, lakini damu unayo."

"Damu yangu naijua mpaka Oman." Na akaanza kunitajia, huyu bin huyu bin huyu, mababa wanane kwa pumzi moja, mwanamke hata mmoja hamna. Alipomaliza akasema, "Harusi ikipita nitampeleka hospitali mwenyewe. Mpaka wakati huo nakuomba ufunge mdomo wako. Nyumba hii imekuamini miaka mingi."

Simtukani Bwana Jamil. Alimpenda Asila, na aliamini kila neno alilosema. Aliujua ukoo wake wanaume tu, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba huo ni nusu ya ukoo.

Siku hizo kila nyumba ilikuwa inasikiliza redio ya betri. Siku moja kikaja kipindi cha afya, na daktari akaulizwa habari za jua na saratani ya matiti. Akaeleza vizuri kabisa. Alisema ngozi ikipata jua mwili hutengeneza vitamini D. Akasema wapo watafiti walioona wanawake wenye upungufu wa vitamini hiyo wakipata saratani ya matiti zaidi ya wenzao, na wapo ambao hawakuona hivyo. Hata namna mwili wa mtu unavyoitumia vitamini yenyewe, akasema, inatofautiana kwa urithi wake. "Huenda ikasaidia kukinga," akasema daktari.

Bwana Jamil aliposikia hapo akapiga goti lake kwa furaha. "Mmesikia? Jua! Kumbe ni jua tu!" Na akaizima redio ili betri zisiishe kabla ya taarifa ya habari ya usiku.

Kwangu Mikunguni redio haikuzimwa. Mie nilikisikia kipindi kile kile mpaka mwisho, na daktari akaendelea kusema kwamba hakuna uhakika bado, kwamba jua haliponyi saratani iliyokwishaingia, na kwamba mwenye uvimbe asingoje hata wiki. Nusu hiyo ya pili Kiponda haikufika. Nilipokwenda kuwaeleza, Bi Basma alinambia, "Somo, nawe unapenda kukata watu tamaa," akaniwekea chai.

Basi yule mtu aliyewaficha binti zake na jua maisha yao yote akapandisha majamvi juu ya paa, akayazungusha pembe moja ili majirani wasione, na kila asubuhi Asila akapanda kwenda kukaa humo kifua wazi. Jioni mama yake akimnywesha kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani sahanini zikaoshwa kwa maji, na dua akisomewa, na dua sina ugomvi nayo, sote tunaihitaji. Ugomvi wangu ni kwamba alinyimwa daktari akapewa paa.

Nilipanda kumwangalia. Alikuwa amekaa juu ya kigoda, amewiva uso na mabega, ngozi inambanduka. Uvimbe ulikuwa umeshapita kungumanga, sasa umejaa kiganja.

"Asila mwanangu, unajidanganya."

"Najua, Somo."

"Unajua? Sasa unafanya nini huku juu?"

Akajifuta jasho shingoni. Halafu akasema, "Jua haliniulizi jina. Kule hospitali wataita jina langu na la baba yangu kwa sauti, na benchi zima litageuka kutazama. Atakuwapo mtu wa Malindi pale, hakosi. Huku juu ninajitibu na hakuna ajuaye."

"Hujitibu. Unajianika."

Akacheka. Kisha akalia, nami nikalia naye, maana nilimwona anaogopa. Mtoto wa watu alikuwa anataka kuishi. Kila kitu alichokuwa nacho alikuwa tayari kumpa mdogo wake, lakini kufa alikuwa hataki, na alinambia hivyo hivyo, "Sitaki kufa, Somo." Nikamwambia basi vaa buibui lako, twende sasa hivi, baba yako yuko msikitini.

Akavaa. Nakwambieni akavaa! Tukashuka ngazi polepole, nimemshika mkono, tukafungua mlango mkubwa, tukatoa miguu nje. Na nani anakuja kichochoroni na mtumishi wake kabeba sinia la halua? Bi Shamsi, mama yake Majid, mkwe mtarajiwa, anamletea Nunu zawadi.

"Asila! Na Somo! Mnakwenda wapi na jua hili?"

Nilifungua mdomo. Asila alinibana vidole mpaka vikaniuma.

"Tunakwenda Darajani, Bi Shamsi, kununua uzi wa kofia."

"Haya, msikawie, nataka kuonana nanyi."

Hospitali ilikuwa huku, Darajani ilikuwa kule. Nilimvuta. Akakataa kabisa, akasema huyu mama anasubiri, atauliza, atataka kuuona huo uzi. Tukaenda Darajani. Tukanunua uzi, mweupe na wa rangi ya dhahabu, tukarudi nao, na Bi Shamsi akausifu. Tangu siku ile Asila hakukubali tena kutoka.

Ramadhani ikaingia, ikatoka. Harusi ya Nunu ikafanyika Mfungo Mosi kama ilivyopangwa, na ilipendeza, sitasema uongo. Uvimbe wa Asila ulikuwa umeshapasuka ukawa kidonda. Mimi mwenyewe nilimfunga pamba na bendeji, nikamfukiza udi nguo zote, nikamvalisha gauni la mikono mirefu. Akasimama kando ya mdogo wake akimpepea, anatabasamu. Wanawake wakinambia, "Asila kakonda, kapendeza!" Nikaenda kuongeza udi chetezoni. Nunu mwenyewe hakujua kitu, alifichwa kama wageni walivyofichwa.

Bwana Jamil alitimiza ahadi yake. Harusi ilipopita tukapanda boti kwenda Dar es Salaam kwenye hospitali ya saratani, yeye, mkewe, Asila na mimi. Daktari alikuwa mwanamke, mkavu wa maneno lakini mikono yake laini. Alipomaliza kumpima akakaa, akauliza, "Katika ukoo wenu yupo mwanamke aliyewahi kuugua ziwa?"

"Upande wangu hakuna," akasema Bi Basma haraka.

"Na upande wa baba?"

Bwana Jamil akasema, "Huo si upande wa kike, daktari."

"Mzee wangu, mtoto ameumbwa nusu kwa mama, nusu kwa baba. Zipo hitilafu za vinasaba zinazoongeza hatari ya saratani hii, na mwanamume anaweza kuibeba hitilafu hiyo maisha yake yote bila kuumwa, akampa binti yake. Nakuuliza tena. Dada zako?"

Nilimwona yule mtu anazeeka mbele yangu. Akasema, kwa sauti ndogo, "Zeyana. Na Thuwaiba. Vifua vyao vilioza. Bibi yetu mzaa baba naye walisema jicho, sijui."

"Walikuwa na umri gani?"

"Wadogo. Kama huyu."

Daktari akaeleza kwamba si kila mwenye urithi huo huugua, na kwamba wengi wanaougua hawana mtu ukooni mwao. Lakini ukoo wenye wagonjwa wawili watatu, tena wakiwa bado vijana, binti zake wanatakiwa kupimwa mapema na kila mara. Bi Basma akamuuliza habari ya jua. Daktari akasema jua la kiasi lina faida, mifupa inalihitaji, na wanawake wanaojifungia ndani wengi wanakosa hiyo vitamini. "Lakini uvimbe huu ulitaka kisu, mama. Jua haliondoi uvimbe."

Asila akauliza swali moja tu. "Daktari, kama ningekuja mwezi wa tano?"

Daktari akatazama meza. "Ungekuwa na nafasi nzuri zaidi," akasema. "Sasa umefika mpaka kwenye mapafu. Tutakupunguzia maumivu."

Bwana Jamil akatoka nje. Tulimsikia analia kwenye ukumbi wa wagonjwa, mbele za watu wote, mtu ambaye alikuwa hataki watu wajue.

Asila alikufa kwao Kiponda baada ya mwaka mpya. Alikufa vibaya. Sitawapambia, maana walimpambia Bi Zeyana na matokeo tumeyaona. Alikosa pumzi siku nyingi, na maumivu yalikuwa yakimfanya amuite mama yake kama mtoto mdogo. Nunu aliitwa siku za mwisho, ndipo akaambiwa yote: uvimbe, mwezi wa tano, paa, na kwamba dada yake alingoja kwa ajili ya harusi yake. Akaanguka miguuni pa kitanda.

"Mie nani kaniuliza?" akawa anapiga kelele. "Nani kaniuliza kama nataka mume kwa bei hii? Dada, nani kaniuliza?"

Asila akamwekea mkono kichwani.

Kwenye matanga wanawake walijaa ukumbi mzima. Bi Shamsi na binti zake wamekaa mbele, kwa heshima ya ukwe. Hitima ikasomwa. Ilipokwisha, mama mmoja akamsogelea Bi Basma, akamuuliza kwa huruma, "Pole mwenzangu. Ilikuwa nini hasa?"

Na Bi Basma, Mungu amsamehe, mdomo wake ukaenda njia ile ile uliyoizoea. "Jicho, mwenzangu. Siku ya harusi alipendeza mno."

Nunu akasimama. Bado hina ya harusi haijamtoka vizuri kuchani. Alijua vizuri nani amekaa pale mbele.

"Si jicho," akasema. "Dada yangu kafa kwa saratani ya ziwa. Shangazi Zeyana kafa kwa saratani ya ziwa. Shangazi Thuwaiba pia. Inatoka kwa Baba, na huenda mie ninayo. Dada aliujua uvimbe wake tangu kabla ya Maulidi, akakaa nao kimya ili mie niolewe."

Bi Shamsi akamtazama mkwewe.

"Kwa hivyo mlituficha."

"Naam. Mlifichwa. Na mie nilifichwa, Mama, lakini nyinyi mmefiwa na nani?"

Bi Shamsi akalikusanya buibui lake, akainuka, na binti zake wakainuka nyuma yake, wakashuka ngazi bila kumpa mtu mkono. Talaka ilikuja baada ya arubaini kusomwa. Wanasema Majid alilia. Alilia, lakini alitii. Bwana Jamil aliinua talaka ile, akaitazama, akamwambia binti yake, "Nimekukosesha dada na mume." Nunu akamwambia, "Hebu nipe majina ya binamu zangu wote wa kike, Baba. Wote wa upande wako."

Akawakusanya. Mmoja alikuwa Makunduchi, mmoja Kizimbani, wengine mjini humu humu. Wapo waliomfungia mlango, wakamwita mkosi. Wapo waliokwenda naye hospitali. Ummy, binti wa marehemu Bi Thuwaiba, alikutwa na kivimbe kidogo kama punje ya kunde, hata mwenyewe alikuwa hajakihisi. Akapasuliwa, akatibiwa, ziwa moja likaondoka. Yuko Miembeni anapika vitumbua, na ukimtania anakujibu. Nunu hajakutwa na kitu mpaka leo. Anapimwa kila mara bila kuchelewa. Hajaposwa tena, na pengine hataposwa. Yu hai.

FUNZO

Sasa sikilizeni, maana hadithi imekwisha na nnalolitaka ni hili.

Asila hakuuawa na saratani peke yake. Ilimuua saratani iliyopewa muda, na waliompa muda ni watu waliompenda. Maradhi ya ukoo hayaishi kwa kufichwa. Anayefichwa ni binti anayefuata, asijue ajilinde na nini. Ukoo wa baba ni ukoo, na shangazi zako ni damu yako kama mama zako wadogo na wakubwa. Daktari akikuuliza, mtajie pande zote mbili. Nanyi wanaume, hiyo ndiyo sababu nimewakataza kuinuka: huenda mnachukua kitu kisichowauma nyinyi, na kitakuja kuwauma binti zenu.

Jua si adui wa mwanamke, na weupe hauna faida kwa mwili. Kaeni uani asubuhi, mtembee, mle samaki, mkiambiwa na daktari mna upungufu wa vitamini D mtumie mlichoandikiwa. Wataalamu bado wanachunguza kama vitamini hiyo inakinga saratani ya ziwa, na wakisema "huenda" tusisikie "hakika". Hata ikijulikana kesho kwamba inakinga, haitakuwa dawa ya uvimbe uliokwishatoka. Mwenye uvimbe, mwenye ngozi ya ganda la chungwa, mwenye chuchu iliyoingia ndani au inayotoa maji au damu, aende hospitali hata kama haumwi. Aende na jina lake na la baba yake, na benchi zima ligeuke kutazama, litachoka.

Na posa inayovunjika kwa sababu ya ukweli, iacheni ivunjike. Nimewavalisha maharusi wengi mno kwa mikono hii, na nnawambieni hakuna harusi hata moja niliyoiona inayostahili roho ya Asila. Mkirudi majumbani leo, kabla ya kulala, waulizeni baba zenu dada zao walikufa na nini. Wakiwajibu kuwa ni jicho, waulizeni tena.